Kwa nini umeme Kigoma hukatika kabla tone la kwanza halijadondoka? Uzi wa mvua kubwa, radi na nguzo zetu

#1 Fundi Ujiji (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za jioni. Jambo hili limenikaa moyoni muda mrefu, na leo naliandika kwa kirefu kwa sababu msimu umekaribia na kila mwaka tunarudia maneno yaleyale. Wingu linatanda upande wa ziwa, upepo wa kwanza unapiga, pap, giza. Mvua bado haijaanza. Mtaa mzima unawalaumu watu wa shirika la umeme: "Wameshakata hao."

Mimi ni fundi umeme wa majumbani, mwaka wa 14 sasa. Nafanya kazi hapahapa Kigoma: Ujiji, Mwanga, Gungu mpaka Mwandiga. Nilipokuwa naanza nami nilisema hivyohivyo. Nimebadilika kwa sababu ya kuitwa asubuhi baada ya mvua, nikaona kwa macho ni kitu gani hasa kimevunjika.

Nianze na wingu. Mvua kubwa huzaliwa na joto na mvuke. Jua la Oktoba na Novemba linachoma ardhi, hewa ya chini inapata moto, inakuwa nyepesi na kupanda. Huku kwetu hewa hiyo haikosi maji. Ziwa Tanganyika lina urefu wa kilomita 673, na maji yake ya juu huwa na nyuzi joto 25 hivi usiku na mchana. Ng'ambo ya ziwa kuna misitu ya Kongo, na msimu ukiingia upepo wa magharibi unavuka kuja kwetu umebeba unyevu wa huko. Hewa ikipanda inapoa, mvuke unageuka matone. Hapo ndipo mambo yanapoanza, kwa sababu mvuke ukigeuka maji unalirudisha lile joto lililotumika kuufanya mvuke. Joto hilo linaisukuma hewa izidi kupanda, inayopanda inavuta nyingine yenye unyevu kutoka chini, na wingu linaendelea kujilisha lenyewe.

Nipige hesabu kwa lugha ya LUKU, yaani kwa uniti za umeme tunazonunua. Kilo moja ya mvuke ikigeuka maji inatoa nishati ya karibu uniti 0.7. Mvua ya milimita 1 juu ya kilomita moja ya mraba ni lita milioni moja, sawa na kilo milioni moja. Hizo ni uniti 700,000. Sasa chukua mvua ya milimita 20, ambayo kwetu si ya kushangaza, inyeshe juu ya kilomita za mraba 10 tu. Uniti milioni 140! Na sehemu kubwa ya nguvu hiyo inafunguka ndani ya saa moja hivi. Nikiliona wingu jeusi linasimama juu ya ziwa, huwa nakumbuka hesabu hii, na simshangai tena mtu ambaye bati lake limeokotwa shamba la jirani.

Wingu la namna hii linaweza kupanda kilomita 15 na zaidi. Ukipita kilomita 5 hivi kwenda juu, ni eneo la barafu. Humo mna fuwele ndogo za barafu, vijiwe vya barafu laini, na matone yaliyo baridi kuliko sifuri lakini bado hayajaganda. Vyote vinapandishwa, vinashushwa, vinagongana. Katika kugongana, fuwele nyepesi zinabaki na chaji chanya na kupelekwa juu, vijiwe vizito vinabaki katikati na chaji hasi. Chaji zikizidi, hewa inashindwa kuzitenganisha, na radi inapiga. Radi ya kawaida hubeba ampea kama 30,000, na njia inamopita hufika nyuzi joto 30,000 hivi, karibu mara 5 ya joto la uso wa jua. Mita ya nyumbani kwako haikutengenezwa kwa ajili ya mgeni huyo.

Sasa nirudi kwenye swali la kichwa cha uzi. Mvua inapoanza kushuka kutoka juu, inaburuta hewa kwenda chini. Ikikuta hewa kavu njiani, baadhi ya matone yanakauka kabla ya kufika, na kukauka huko kunaipoza hewa, inakuwa nzito, inaporomoka kwa kasi. Ikifika chini haina pa kwenda. Inatawanyika pande zote kama ndoo ya maji iliyomwagwa sakafuni. Upepo huo wa baridi wenye harufu ya vumbi lililolowa, ule unaofunga milango kwa kishindo, ndio huo. Hutangulia mvua kwa kilomita kadhaa, na mkali wake unaweza kupita kilomita 100 kwa saa. Unafika kwenye nguzo na miembe yetu wakati wewe bado unaanua nguo.

Na umeme wetu kwa kawaida hauzimwi na maji. Waya za juu ziko wazi, zimejengwa zikijua zitanyeshewa. Kinachozizima ni tawi, waya mbili kugusana kwa kupepesuka, nguzo kulala, na radi. Ujiji tuna miembe ya tangu zama za misafara, mikubwa, mizuri, tunaipenda. Mingi imekua ikazikuta waya, na mingine waya zilipitishwa ikiwa tayari ipo. Upepo wa kwanza ukipita, tawi linalala juu ya laini. Pap.

Naomba niishie hapa kwanza. Karibuni.

#2 Mgebuka Mkavu

Fundi, nimekuelewa upande wa wingu. Ila kuna siku Mwanga kote hakuna hata upepo, nyota zinaonekana, na umeme umekatika tangu saa moja usiku. Hapo mwembe gani umeangukia laini? Mimi bado naamini kuna mtu anabonyeza swichi.

#3 Fundi Ujiji

Mgebuka, swali lako ni zuri kuliko maelezo yangu yote ya hapo juu, na jibu lake ndilo lililonifanya nianzishe uzi.

Dhoruba inayokuzimia wewe inaweza kuwa iko kwa mtu mwingine kabisa. Mkoa wetu uliishi miaka mingi kwa majenereta ya dizeli. Gridi ya Taifa ilipoanza kuingia mwaka 2022 ilitokea upande wa Nyakanazi, ikapita Kakonko, Kibondo, Kasulu. Laini ya kilovolti 33 inapita porini, mabondeni, kwenye miinuko, mamia kwa mamia ya nguzo. Nguzo zote hizo ni mnyororo mmoja. Upepo ukilaza nguzo moja huko mbali, mitambo ya kinga inaona hitilafu na kuikata laini nzima. Wewe uko Mwanga unatazama nyota.

Ongeza na tabia ya hali ya hewa yetu. Mchana ardhi inapata moto kuliko ziwa, kwa hiyo upepo unatoka ziwani kwenda nchi kavu, unapanda miinuko ya Buhigwe na Kasulu, na mawingu yanajengeka huko kuanzia alasiri mpaka jioni. Usiku mambo yanageuka. Nchi kavu inapoa, ziwa linabaki na joto lake. Upepo mwepesi unatoka ufukwe wetu kwenda ziwani, mwingine unashuka milima ya Kongo kwenda ziwani vilevile. Zinakutana katikati ya maji, na hewa ikibanwa hivyo inapanda. Ndiyo maana wavuvi wa dagaa wanapigwa usiku wa manane na alfajiri. Ni hatari ileile kwa jirani zetu wa Ziwa Victoria.

Kwa hiyo saa moja usiku ulipokosa umeme, jiulize juu ya milima ya mashariki kulikuwaje. Ukiona inameta bila sauti, ujue iko mbali. Ngurumo kwa kawaida haisikiki zaidi ya kilomita 15 au 20.

Hata hivyo sikatai kwamba kuna wakati mtu anazima kwa mkono. Akipigiwa simu kwamba waya umeanguka barabarani na watoto wako jirani, lazima azime. Ningekuwa mimi ningezima hata kabla ya kukata simu.

#4 Nyuki wa Urambo

Salamu kutoka Tabora. Ninyi mna ziwa na milima. Sisi huku ni tambarare tupu, mita 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari, miombo kila upande. Mbona radi zetu ni za kuogopesha, na mvua ya kwanza ya mwaka ndiyo inayoharibu kuliko zote? Januari inanyesha siku nzima na taa zinawaka.

#5 Fundi Ujiji

Ndugu yangu Nyuki, umeshalijibu nusu kwa kuliona vizuri hivyo. Tambarare haizuii wingu. Wingu linahitaji joto, unyevu, na mahali hewa zinapokutana. Unyevu unatoka kulekule Kongo, unakuja kukutana na hewa kavu ya mashariki juu ya Tabora, na jua la saa tisa alasiri linamaliza kazi.

Mvua ya kwanza ina sababu zake. Oktoba na Novemba hewa ya chini bado ni kavu. Matone yanakauka mengi zaidi njiani, hewa inapoa zaidi, inaporomoka kwa nguvu zaidi. Upepo wake ni mkali hata kama mvua yenyewe ni kidogo. Januari hewa imelowa kuanzia juu mpaka chini, mvua inanyesha kwa utulivu.

Halafu tazama nguzo zilivyo mwisho wa kiangazi. Moto wa porini umepita chini yake, umezila magotini. Mchwa wamefanya yao. Matawi makavu yanasubiri kusukumwa tu. Na vile vikombe vinavyoshika waya juu ya nguzo vimepakwa vumbi na masizi ya miezi sita. Vumbi kavu halina shida. Likilowa na manyunyu ya kwanza linageuka tope jembamba linalopitisha umeme, unaona cheche zinatembea juu ya kikombe, laini inakatika. Mvua ikizidi inakiosha kikombe na tatizo linaisha. Huku kwetu barabara za vumbi jekundu zinafanya hivyohivyo.

#6 Mama Kibirizi

Wanangu, mimi nauza samaki wa barafu na juisi. Mwaka juzi friza langu liliungua. Umeme ulikatika na upepo, ukarudi, ukakatika, ukarudi, mara tatu, kisha taa zikawaka kali kama mchana, feni ikalia, halafu nikasikia harufu. Friza, televisheni ya wajukuu na chaja zote vilikwenda. Fundi mmoja akaniambia ni radi. Lakini radi hatukuisikia jirani. Samaki waliniozea ndani. Nataka kuelewa, mwanangu, kwa sababu nimenunua jingine kwa mkopo.

#7 Fundi Ujiji

Shikamoo mama. Pole sana. Nimesoma ujumbe wako mara mbili. Hiyo haikuwa radi. Ilikuwa nyutro.

Nieleze taratibu. Kule kukatika na kurudi mara tatu kuna mtambo unaitwa rikloza. Laini ikipata hitilafu, unakata, unasubiri sekunde chache, unajaribu kurudisha. Kama tawi liligusa likadondoka, umeme unabaki. Kama bado limelala juu ya waya, unakata tena. Ukijaribu mara tatu au nne na hali ni ileile, unafunga mpaka watu waje. Ni mtambo mzuri, bila huo kila tawi lingetugharimu usiku mzima. Ila kwa friza ni adhabu. Mota ikizimwa na kuwashwa ndani ya sekunde chache inakuta gesi bado imebanwa, inashindwa kuzunguka, inapata moto. Friza linahitaji kupumzika dakika 5 hivi kabla ya kuwashwa tena.

Lakini kilichokuunguzia vyote kwa pamoja ni taa kuwaka kali. Kwenye nguzo za mtaani kuna waya tatu za fezi, zinazoleta umeme, na moja ya nyutro, ya kurudishia. Nyumba yako inapata volti 230 kati ya fezi moja na nyutro. Kati ya fezi na fezi ni volti 400. Nyutro ndiyo inayoshika mizani. Tawi likiikata nyutro peke yake na fezi zikabaki nzima, umeme wa nyumba yako unatafuta njia ya kurudi kupitia nyumba ya jirani aliye fezi nyingine. Mnagawana zile volti 400, na hamgawani sawa. Mwenye pasi na jiko anapata kidogo, taa zake zinafifia. Mwenye taa mbili na chaja anapata nyingi, zinaweza kupita 300. Vitu vinaungua ndani ya dakika, wakati mwingine sekunde.

Kwa hiyo, mama na wengine wote: taa zikiwaka kali kupita kawaida au zikififia ghafla wakati wa upepo, usitafute simu. Nenda kwenye meni swichi, zima. Kisha waambie majirani nao wazime, kwa sababu mko kwenye shida moja. Toeni taarifa kwamba nyutro inahisiwa kukatika, tumieni neno hilohilo, maana anayepokea ataelewa kwamba haiwezi kusubiri kesho.

Na ukiona wingu linakuja, chomoa plagi. Kuzima swichi ya ukutani hakutoshi kwa radi. Mwanya ndani ya swichi ni milimita chache, na radi iliyovuka kilomita za hewa haitashindwa kuuvuka. Chomoa na waya wa dishi. Radi haihitaji kupiga nyumba yako. Ikipiga laini kilomita moja kutoka kwako, au ikipiga hata mti ulio jirani na laini, mshtuko unatembea na waya mpaka ndani. Kwenye transfoma kuna vifaa vya kuupeleka mshtuko ardhini, lakini vinategemea waya wa ethi, ule unaoingia ardhini, na kuna watu wanaukata wakauze kopa. Hao wanatuumiza kuliko tunavyojua.

#8 Mwalimu Kasulu

Nashukuru kwa uzi huu, nitausoma na wanafunzi wangu. Huku kwetu wengi wanaamini radi inatumwa. Januari 2025 wanafunzi 7 walipoteza maisha kwa radi Bukombe, mkoa jirani wa Geita, na maneno yalikuwa mengi sana. Mimi napata shida ya kuwajibu watoto bila kuwadharau wazazi wao.

#9 Fundi Ujiji

Mwalimu, Mungu awarehemu watoto wale. Nakuelewa, nami nimelelewa na bibi aliyefunika vioo kila ikinguruma.

Mimi huwasimulia mahali tulipo duniani. Eneo hili la mashariki ya Kongo na maziwa yake ni miongoni mwa maeneo yanayopigwa radi nyingi kuliko yote duniani. Utafiti wa vipimo vya setilaiti uliotoka mwaka 2016 uliiweka Kabare, karibu na Ziwa Kivu, nafasi ya pili duniani baada ya Ziwa Maracaibo la Venezuela, zaidi ya radi 200 kwa kila kilomita ya mraba kwa mwaka. Sisi ni majirani wa Kabare. Mtoto akijua hivyo, anaona kwamba radi kuwa nyingi kwetu kuna sababu ya ardhi na maji, na hahitaji kumtafuta mzee wa kumlaumu.

Kisha wafundishe kuhesabu. Ukiona mwanga, hesabu sekunde mpaka ngurumo. Kila sekunde 3 ni kilomita moja. Ikiwa chini ya 30, wote ndani, mbali na madirisha na nguzo za chuma, asibaki mtu chini ya mti, na msitoke mpaka zipite dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho. Darasa lenye ethi nzuri na mfumo wa kukinga radi ni jambo la kupigania kwenye vikao vya wazazi.

#10 Mpanda Nguzo Mstaafu

Nimesoma kimya, sasa nachangia. Nimefanya kazi ya laini zaidi ya miaka 20, mikoa hii ya magharibi. Watu wanauliza kwa nini marekebisho yanachelewa. Hatupandi nguzo ya chuma wala ya mti huku radi inapiga, hata mkitukana. Ikitulia, hitilafu haina king'ora. Tunaigawa laini vipande, tunajaribu kimoja kimoja, kisha tunaifuata kwa gari mpaka matope yanapogoma, halafu kwa miguu na tochi. Nimewahi kutembea usiku kucha kukitafuta kikombe kimoja kilichopasuka, ufa wake mwembamba kama unywele.

Lakini kilichonileta hapa ni jenereta. Mtu umeme ukikatika anachukua waya wenye plagi pande zote mbili, anachomeka jenereta kwenye soketi ya ukutani. Hana chenjiova, ile swichi inayotenga nyumba na laini ya nje wakati wa jenereta. Umeme wake unatoka nyumbani, unarudi kwenye transfoma, na transfoma inafanya kazi pande zote mbili. Inaupandisha kutoka volti 400 mpaka maelfu ya volti, 11,000 au 33,000, kulingana na laini. Juu ya nguzo yuko kijana anayeamini laini imekufa. Tunaifunga laini kwa ethi kabla ya kushika kwa sababu ya watu hao, lakini kijana aliyechoka, saa tisa usiku, kwenye mvua, anaweza kusahau mara moja tu. Nawaombeni. Wekeni chenjiova.

Na waya ukianguka, usiusogelee hata kama hautoi cheche. Ardhi yenyewe inaweza kuwa na umeme. Ukijikuta karibu, bana miguu, ondoka kwa hatua fupi za kuburuza. Hatua ndefu inafanya mguu mmoja uwe kwenye volti nyingi na mwingine kwenye chache, na umeme unapita mwilini mwako.

#11 Mgebuka Mkavu

Mzee wangu, heshima yako. Mimi nilikuwa nachomeka hivyo. Sikujua kabisa. Waya huo naukata leo.

#12 Fundi Ujiji

Mzee, asante sana. Hilo la jenereta nililisahau, na ndilo kubwa kuliko yote niliyoandika.

#13 Mama Kibirizi

Mrejesho, wanangu. Juzi usiku milima ya Kongo ilianza kumeta. Nikahesabu kama mlivyosema, mwanzo sikusikia kitu, baadaye sekunde 40, kisha 25. Nikachomoa friza, nikachomoa dishi, nikawapigia majirani wawili. Upepo ulikuja kabla ya mvua, umeme ukachezacheza mara tatu ukafa. Asubuhi uliporudi, nyumba ya tatu kutoka kwangu taa zilikuwa kali. Kijana wa pale alikimbilia meni swichi, tukazima mtaa mzima, tukatoa taarifa kwa neno lile la nyutro. Walifika kabla ya adhuhuri. Ilikuwa imelegea kwenye kiungo, nguzo ya pili kutoka msikitini, pale mwembe wa jirani unapogusa. Mwenye mwembe amekubali upunguzwe, tunasubiri tu laini izimwe Jumamosi ndipo wapande. Samaki wako salama.